Sakafu Nilizozitembea Siku za Ukimya

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali hii, Daktari Mkuu wa wodi ya tatu, Muuguzi Mkuu pamoja na wauguzi wote, ndugu wageni waalikwa, wagonjwa wenzangu mlioletwa humu kwa viti vya magurudumu na ninyi mliojikokota wenyewe kwa magongo, na wewe, Mama Haraka, ambaye siku hii ya kukuaga ni yako: hamjambo nyote?

Hotuba hii nimeiandika kwa wiki sita, kwa mkono wa kushoto, na binti yangu amenisikiliza nikiisoma mpaka amechoka. Nina ombi moja kabla sijaendelea. Mkiona nimekwama, msinisaidie. Msinitupie neno. Litakuja lenyewe, na likichelewa, tutalingoja pamoja.

Mimi ni fundi wa vigae. Kwa miaka thelathini na mmoja nimetandika sakafu za majiko, za madarasa, za vyoo vya watu wakubwa na vya watu wadogo, na miguu yenu mingi imepita juu ya kazi yangu bila kujua. Miaka mitatu iliyopita, asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye ukumbi wa shule nikitandika safu ya tisa, binti yangu akinichanganyia saruji. Mwiko ukanidondoka. Nikauangalia. Nikataka kumwambia, "Niokotee." Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sabuni."

Akacheka. "Sabuni ya nini, baba?"

Nikajaribu tena. "Sabuni." Hapo akaacha kucheka.

Kiharusi, ndugu zangu, kilinichukulia mkono wa kulia na kilinichukulia maneno yote, kikaniachia hilo moja tu. Kwa nini hilo? Mpaka leo sijui. Kikombe kilikuwa sabuni. Daktari alikuwa sabuni. Mke wangu, ambaye nimeishi naye tangu ujana, alikuja na uji na akaitwa sabuni, naye kwa upendo wake akaenda dukani akaninunulia vipande vitano. Nilipoviona nililia, akadhani si aina niipendayo, kesho yake akaleta vya aina nyingine.

Watu huniuliza, ulikuwa unawaza nini siku zile? Nitawaambia, ingawa ni vigumu kueleza. Nilikuwa natembea. Mwili umelala kitandani, dirisha liko wazi, pazia linapumua taratibu, nami ninatembea ndani ya vyumba. Vyumba vyeupe, vitupu, havina viti wala watu, vina mwanga kama wa saa kumi jioni, na kila chumba kina sakafu. Sikuwa na jina la kitu chochote mle ndani, lakini kila nikiingia chumba nilijua kina vigae vingapi. Nilijua kama mnavyojua nyumbani kwenu gizani mlango uko wapi. Maneno yalikuwa yamehama, hesabu zilikuwa bado zimekaa palepale, zinaninong'oneza.

Ndipo akaja mtaalamu wa matamshi. Alikuwa amevaa... ngojeni kidogo... alikuwa amevaa... miwani. Naam. Miwani yenye uzi shingoni. Alivuta kiti, akakaa, akatoa picha zake mfukoni moja baada ya moja, bila haraka. Nikajua baadaye kwamba wagonjwa walimbandika jina la Mama Haraka kwa sababu katika hospitali nzima hakuna mtu mwenye mwendo wa pole kama wake. Alinionyesha picha ya mbuzi. Nikasema sabuni. Picha ya mlango. Sabuni. Kila siku picha ishirini, kila siku sabuni ishirini, na kila mara alingoja kama vile jibu zuri liko njiani limechelewa tu kidogo.

Siku moja mchana alichoka. Aliweka picha zake mapajani, akainamisha kichwa, akaitazama sakafu ya wodi. Akasema peke yake, "Hivi vigae vyote hivi, aliyevihesabu ni nani?"

Mimi nilikwisha kuvihesabu. Nikainua mkono wa kushoto. Vidole vitano, kisha vitatu. Tena vitano, kisha vitatu. Halafu vinne.

"Unataka nini, Fundi? Maji?"

Nikarudia. Nane, nane, nne. Akanitazama. Akasimama, akaanza kuhesabu kando ya ukuta kwa ncha ya kiatu: safu thelathini na nne. Akahesabu ukuta wa pili: ishirini na sita. Akageuza nyuma ya picha ya mbuzi, akazidisha kwa kalamu, taratibu, tarakimu moja ikipanda, nyingine ikishuka. Mia nane themanini na nne.

Akaja akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. "Umefanyaje?"

Nikamjibu kwa ufasaha wangu wote: "Sabuni."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Naye Mama Haraka akacheka, nami nikacheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza baada ya siku kumi na tisa.

Sasa naomba niwaonyeshe nilichomwonyesha yeye kwa kuchora. Thelathini na nne mara ishirini na sita inaonekana kitu kigumu. Lakini fundi haoni namba, anaona chumba. Chumba hiki karibu kiwe mraba wa thelathini kwa thelathini, ila kimevutwa: upande mmoja umezidi vinne, upande mwingine umepungua vinne. Basi tandika mraba kwanza: mia tisa. Sasa ng'oa safu nne upande mmoja, ukazipange upande wa pili. Zitaenea, na kwa kuwa upande huo sasa umefupika kwa vinne, vitakubakia mkononi vigae vinne kwa vinne, kumi na sita. Mia tisa toa kumi na sita. Mmeona? Hakuna kuandika. Ni kuhamisha tu kipande cha sakafu kutoka huku kwenda kule, kimyakimya, na chumba kinakupa jibu.

Tangu siku hiyo picha za mbuzi ziliwekwa kabatini. Alikuja na hesabu. Hakutaka vidole, alitaka sauti. Aligundua kwamba mahali namba zinapokaa kuna kinjia chembamba kinachotoka hadi kwenye ulimi, akaamua kukifyeka. "Moja," anasema. Mimi: "Sa..." Ananyamaza. "Sa..." Ananyamaza. Je, mnajua ni jambo gani gumu kuliko yote mbele ya mtu anayetafuta neno? Ni kunyamaza. Sote tunamwokoa. Tunammalizia, tunatikisa kichwa, tunasema basi, basi, nimeelewa. Yeye hajawahi kunimalizia neno hata moja. Ilichukua siku sita nikasema "moja", na siku mbili zaidi nikafika kumi, kisha tukapanda hadi mamia na maelfu.

Lakini nyumbani walikuwa hawajui hayo, na hapa inabidi nimtaje shemeji yangu, aliyekaa safu ya pili na koti la kijivu. Anajua nitamtaja. Tumekubaliana.

Asubuhi ya Jumatano walikuja wote: mke wangu, kaka yangu mkubwa, shemeji na binti yangu. Daktari alikuwepo na fomu yake. Ilikuwa imekubaliwa nitolewe hospitali, nikawekwe chumba cha nyuma kwa kaka, na zana zangu zigawiwe mafundi. Ule ukumbi wa shule apewe mtu mwingine. Walizungumza juu ya kitanda changu, kama watu wanaojadili meza ipitishwe mlango upi.

"Tusidanganyane," alisema shemeji, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya uchovu. "Mtu anayemwita mke wake sabuni, huyo ameshaondoka. Kilichobaki ni kumtunza."

"Mjomba, baba yupo," alisema binti yangu. "Anakusikia."

"Mwanangu, sote tungependa iwe hivyo."

Mama Haraka alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari, naomba dakika kumi," alisema. "Na mtu asimsaidie." Akavuta kiti chake kilekile. "Fundi. Ukumbi una safu sitini na tatu. Kila safu ina vigae sitini na saba."

Macho yote yakanigeukia. Nikafungua mdomo.

"Sabuni."

Mke wangu akaziba uso kwa ncha ya kanga. Shemeji akaishika kalamu ya kutilia sahihi ile fomu. Kaka akakohoa. Dakika moja ikapita, labda mbili. Mke wangu akataka kusema kitu, na Mama Haraka akanyanyua mkono kidogo tu, kumzuia.

Nami nikaondoka pale. Nikaingia ukumbini. Ulikuwa mrefu, mweupe, madirisha yake yote wazi, na vumbi la saruji likielea kwenye mwanga kama halina haraka ya kutua. Nikaona chumba cha sitini kwa sitini kimekwisha kutandikwa. Pembeni kulikuwa na safu tatu za ziada upande mmoja, na saba upande mwingine. Nikazichukua zile tatu, nikazizungusha, nikazilaza kando ya zile saba. Tatu na saba, kumi. Ukumbi ukawa sitini kwa sabini, umenyooka, haujikunji popote. Elfu nne mia mbili. Na kona ile, ya tatu kwa saba, ilikuwa inaningoja: ishirini na moja. Nikasimama katikati ya ukumbi nikauona mzima. Kisha nikarudi kitandani, njia nzima, nikiwa nimeubeba.

"Elfu," nilisema.

Kaka akasogea karibu na kitanda.

"Elfu... nne. Mia mbili." Jasho lilinitoka kama nimebeba mifuko ya saruji. "Ishirini. Na moja."

Binti yangu alikuwa ameshapiga kwenye simu. Akamgeuzia mjomba wake kioo.

"Labda wamemkaririsha," shemeji alisema, lakini polepole.

"Basi muulize wewe mwenyewe, mjomba."

Akafikiri, akatafuta namba ya kumwangusha mtu. "Tisini na saba mara tisini na nne."

Ndugu zangu, alijua vipi kwamba ananipa zawadi? Huo ni mraba wa mia kwa mia uliopungua kidogo: tatu huku, sita kule. Tisini na saba ukiiondolea zile sita, unabakiwa na tisini na moja, nazo ni mamia. Kona ya tatu kwa sita umeikata mara mbili, basi irudishe mara moja: kumi na nane.

"Elfu tisa," nilimwambia shemeji yangu, machoni. "Mia moja. Kumi na nane."

Akaangalia simu. Akaichomeka kalamu mfukoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu juu ya shuka. "Nisamehe, shemeji," alisema. "Daktari, mwacheni. Huyu yupo."

Nilibaki wodini wiki kumi na moja zaidi. Baada ya namba yalikuja maji, dirisha, uchungu, na Alhamisi moja, mke wangu akinifuta uso, nikamwambia, "Mke wangu." Alidondosha beseni. Ule ukumbi wa shule aliumaliza binti yangu. Leo yeye ndiye fundi mkuu, mimi napima na kukata, na akiniona nimezembea ananigombeza mbele ya wateja.

Mheshimiwa Mkurugenzi, tumeambiwa kwamba Mama Haraka anastaafu kwa sababu miaka imetimia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Amenipa ruhusa niseme mengine. Wiki iliyopita nilimkuta ofisini akifunga vitabu kwenye boksi. Nikamsalimia mara tatu. Hakugeuka. Nilipomgusa bega alishtuka, kisha akakaa.

"Masikio yananiacha, Fundi," alisema. "Mwaka wa pili huu. Wagonjwa wanahangaika kutoa neno, likitoka silisikii. Nawaambia rudia, na rudia inawavunja moyo. Siwezi kuwafanyia hivyo." Akavua miwani. "Nikiacha kusikia kabisa, nitakuwa nani?"

Nikavuta kiti. Tulikaa. Nje mtu alikuwa anamwagilia bustani, na sijui kama Mama Haraka alisikia maji. Mwishowe nilimwambia, "Kuna darasa la kusoma midomo, chumba cha mwisho kwenye korido. Jumatatu na Ijumaa." Akasema anaona aibu, yeye mtaalamu kukaa kwenye benchi na wanafunzi. Nikamwambia nitakaa naye.

Jumatatu alikuja. Tulikaa benchi la mbele, yeye na mimi, mwalimu kijana akisema maneno bila sauti. Katika maneno kumi ya kwanza, alipata mawili. Mimi nilipata moja. Alinicheka, Mheshimiwa, alinicheka mpaka darasa zima likageuka, na alipoondoka alikuwa ameandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio mpaka mwisho wa mwaka.

Mama, umezeeka ukitungoja. Ijumaa ni keshokutwa, saa nne asubuhi. Nitakupitia.

Kwenu nyote, kwa subira yenu na kwa kunisikiliza mpaka neno la mwisho, nasema asanteni.