Pikipiki Niliyoinunua kwa Kushindwa Kusema Hapana

Mbukwenyi! Aa, mmelala? Mbukwenyi! Eeh, hapo sawa, Wagogo wenzangu mmeitikia salamu yetu. Wa Bwana asifiwe nimewasikia, na ndugu zangu wa asalamu alekumu kule nyuma nimewaona. Wazee wangu mlionitangulia, shikamooni.

Kabla sijafika mbali nina ombi. Nikinyamaza katikati ya maneno, asinisaidie mtu. Najua mna upendo, lakini msinimalizie neno langu. Neno linakuja, limeamua tu kupita njia ndefu. Wagonjwa wenzangu wa kiharusi mnanielewa. Ninyi mliokuja kuwasindikiza mtanielewa tukifika mwisho.

Mimi nilikuwa mpiga mnada. Waliowahi kufika Msalato siku ya mnada wanaijua sauti yangu, maana kipaza sauti nilikuwa sikihitaji. Nikisimama na fimbo yangu nikasema, "Mtazameni dume huyo, mtazameni nundu hiyo, mwenye macho haambiwi tazama!" mtu aliyekuja kununua chumvi anarudi kwake na dume. Mke wangu alikuwa akisema naweza kumuuzia Mgogo mlenda, mboga anayoichuma bure nyuma ya nyumba yake. Mdomo ulikuwa jembe langu. Nimesomesha watoto kwa mdomo huu.

Basi asubuhi moja nimekaa nakunywa uji, kikombe kikanidondoka. Nikataka kumwambia mke wangu alete kitambaa. Kilichotoka hapo hakikuwa na kichwa wala miguu. Alinitazama, akapiga kelele, na mimi nikawa najiuliza huyu mama anapigia nani kelele. Kumbe upande wangu wote wa kulia umeshalala. Mkono, mguu, nusu ya mdomo.

Nililazwa, nikatibiwa, nikarudi nyumbani Miyuji. Mguu ulianza kuburuta, kisha kukanyaga. Namshukuru Mungu. Lakini ulimi! Ndugu zangu, maneno yalikuwa kichwani yote, yamepanga foleni, mlango ndio haufunguki. Nikitaka maji natoa "mai". Wajukuu wanatazamana. Nikaona afadhali ninyamaze. Nikawa naonyesha kwa kidole, baadaye hata kidole nikaacha, nikawa nageukia ukutani. Na nawaambia kweli mbele ya watu wote hawa: nilitamani nife. Mpiga mnada asiye na sauti ni nini? Ni mtu amesimama na fimbo.

Sasa nina jirani yangu, Mhehe, mtu wa ofisini kule Mtumba. Mimi Mgogo, yeye Mhehe, kwa hiyo ni mtani wangu, na tulikuwa tunatukanana juu ya ua miaka nenda miaka rudi, yeye ananiita ombaomba, mimi namwita mla mbwa, kama Wahehe wote wanavyotaniwa. Akitoka kazini ni lazima asimame anitukane ndipo aingie kwake. Nilipotoka hospitali alikuja na mfuko wa machungwa. Akasema, "Shikamoo mzee wangu. Pole sana. Mungu yupo." Sauti ya chini, kama yuko kanisani. Nikamwangalia, machozi yanamlengalenga.

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Mtani akianza kukuonea huruma, jua sanda imeshapimwa.

Hospitali kulikuwa na dada wa mazoezi ya viungo, mpole lakini hana mzaha. Alinipa sheria: "Baba, kila unapokaa, nyanyua mkono huu mgonjwa juu, ushushe pole pole. Kila unapokaa. Usiuonee aibu." Kwa kuwa kunyanyua mkono hakuhitaji maneno, hilo nililifanya.

Siku moja mke wangu akasema amechoka kuniona natazama ukuta kama nausoma. Akanipeleka Msalato, nikasikie hata harufu ya mifugo. Akanikalisha kwenye benchi, akaenda kununua nyama. Mnada ulikuwa unaelekea mwisho, ng'ombe wameisha, wanauza vitu vya ovyo ovyo. Anayeuza ni mwenzangu aliyerithi fimbo yangu. Mara ikaletwa pikipiki juu ya mkokoteni wa punda.

Jamani, ile pikipiki! Ya zamani, aina ile waliyokuwa wanapanda mabwana shamba vijijini. Haina rangi, haina taa, kiti kimeliwa na panya, matairi yamekauka kama ngozi ya mwaka juzi. Watu wakacheka. Mwenzangu anaita bei, hakuna anayejibu. Anashusha, kimya. Anashusha tena, kimya.

Na mimi nimekaa. Nikakumbuka sheria ya dada. Nikanyanyua mkono.

Mimi! Mimi niliyewafundisha watu kwamba mnadani hata nzi hafukuzwi kwa mkono! Nimeunyanyua mpaka juu, na kuushusha ni pole pole, kama nilivyoagizwa. Mwenzangu akaniona, uso ukamng'aa. Akapaza sauti, "Mzee amerudi! Mwalimu wangu amerudi! Imekwenda!" Watu wakapiga makofi, wengine vigelegele. Nikafungua mdomo niseme hapana. Neno fupi tu. Likagoma. Mdomo wazi, hakuna kitu. Wakadhani nimezidiwa na furaha.

Mke wangu akarudi na nyama yake, akakuta napewa mkono wa hongera. "Baba, nimekuacha kidogo tu nikanunue nyama, nakukuta umenunua kifo!"

Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi mmoja aliyekonda, lakini hata mbuzi aliyekonda unamchuna ukapata mchuzi. Tukaiweka uani chini ya mwarobaini. Mke wangu akaizunguka, akashika kiuno. "Mwenye chuma chake akifungue. Mimi sitaki nyoka wazalie hapa."

Nikaanza kufungua. Nikashika spana kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Mke wangu akaja na khanga, akaufunga ule mkono wa kushoto kwenye mkanda wangu wa suruali, akarudi jikoni. Ukabaki ule mgonjwa. Nati ya kwanza ilinimaliza siku nzima. Spana inateleza, inadondoka, naiokota, inadondoka. Nilipoifungua hatimaye niliishika kiganjani nikaitazama kama dhahabu. Usiku ule nililala bila kugeukia ukutani. Sikujua kwa nini, nilikuwa tu nawaza nati ya pili.

Injini ilikuwa imekwama, pistoni haipandi wala haishuki. Mke wangu akamwita fundi kutoka Kizota. Akasema, "Mzee, toa plagi, mimina mafuta kwenye tundu, kisha iache. Kila siku ijaribu kidogo. Ukiilazimisha utaivunja." Mke wangu akaangua kicheko. "Si maneno ya dada wa hospitali hayo?" Nami nikacheka kidogo, upande mmoja wa mdomo, maana mwingine ulikuwa bado haujapata habari.

Likaja suala la tangi. Ndani lilikuwa kutu tupu. Dawa yake ni kulitia kokoto na maji ya sabuni, uzibe, utikise. Nikalikumbatia tangi kwa mikono yote miwili, natikisa kama kayamba. Chaka, chaka, chaka, mtaa mzima unasikia. Ilikuwa Jumamosi, watu wako majumbani.

Mara nasikia kilio. Kilio cha msiba, kabisa! Geti likafunguliwa, akaingia mtani wangu. Mtu wa ofisini, mwenye gari lake, amejifunga khanga ya mkewe kiunoni, amejipaka majivu usoni. Akajitupa chini kando ya pikipiki, akaanza kugaagaa. "Uwiii! Umetuachia nani? Marehemu alikuwa mlevi wa petroli, lakini alikuwa mtu wa watu! Na huyu Mgogo anaosha maiti kwa kokoto, amekosa hata sabuni ya kipande! Maiti haitoki hapa, nasema haitoki, mpaka mimi mtani nilipwe kuku!"

Mnajua mila. Mtani huja msibani akafanya vituko, akalala njiani, akamtukana mpaka marehemu, na wafiwa hawakasiriki. Lakini mila ina upande wa pili. Mtani akikutukana, lazima umjibu. Usipomjibu umemvunjia heshima, umemwambia utani umekufa kati yenu.

Majirani wamejazana getini. Mke wangu yuko mlangoni mwa jiko ameshika mwiko. Mtani amelala vumbini, jicho moja amefumba, jingine ananichungulia. Akanyamaza, ananisubiri.

Nikaweka tangi chini. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi. Nikafunga. Jasho linanitiririka. Nikaona mama mmoja pale getini anataka kunisaidia, mke wangu akamnyooshea mwiko. Nikajaribu tena.

"M... mb... mbwa."

Mtani akainua kichwa kutoka vumbini.

"Mbwa wangu... umemla."

Acheni, acheni, bado sijamaliza! Siku ile watu walicheka kuliko ninyi. Mhehe akaruka kutoka chini akiwa na majivu yake, akanikumbatia, anacheka na kulia kwa pamoja. "Tusi hilo! Nimetukanwa jamani, mmesikia? Nimetukanwa!" Na mimi nililia. Nililia kama mtoto, sikujificha. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza mbele ya watu tangu niugue, na yalikuwa matusi. Mungu anisamehe, lakini naamini naye alicheka.

Tangu hapo mtani hakunipa nafasi. Kila jioni akitoka Mtumba anasimama kwenye ua, ananitupia lake, na haondoki mpaka nimjibu. Siku nyingine jibu linachelewa mpaka mkewe anamwita ugali unapoa, naye anamwambia, "Subiri, natafutiwa tusi." Mimi huku nafungua kabureta, nasafisha cheni, napiga msasa fremu, ulimi nao unafanya kazi. Injini ikaachia siku nisiyoitegemea, nilipoijaribu tu kama kawaida. Fundi akanichongea kilichohitaji kuchongwa. Rangi nilipiga mwenyewe, nyekundu, ina michirizi upande wa kulia. Msiicheke, upande wangu wa kulia na mimi una michirizi.

Kuiwasha ndiko kulikonitoa jasho. Wanaojua pikipiki za zamani wanajua kiki iko kulia, na kuvuta mafuta ni kulia. Vyote kwenye upande wangu mgonjwa. Nilipiga kiki nikachoka, nikakaa, nikanyanyua mkono juu nikaushusha, nikasimama tena. Ilipokohoa na kuwaka, moshi mweupe ukajaa ua mzima, kuku wakatawanyika, na mke wangu akacheza muheme peke yake, bila ngoma.

Sikuipanda siku hiyo, msije mkaiga ujinga. Nilisubiri mpaka daktari aliponipima na kuniruhusu, na nikafanya mazoezi uwanjani kwanza. Kisha nikaenda Msalato siku ya mnada, mwendo wa kobe, helmeti kichwani, mtani nyuma yangu na gari lake, amewasha taa zote za hatari kama anasindikiza rais.

Mwenzangu mwenye fimbo aliponiona akasimamisha kila kitu. Akaikagua pikipiki, akashindwa kujizuia, kazi ni kazi. "Jamani, mtazameni mnyama huyu! Nani ananipa bei?" Mikono ikanyanyuka, na haikuwa ya mazoezi. Bei ikapanda, ikapita mbuzi, ikafika ndama, ikafika dume. Akanigeukia. "Mzee, imekwenda?"

Watu wote wananitazama. Pale pale, karibu na benchi lile lile.

"Hapana," nikasema. "Haiuzwi."

Lilitoka zima. Halikukwama popote.

Sasa shukrani, kisha nikae. Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa mazoezi, na fundi wangu wa Kizota. Namshukuru mtani wangu, yule pale kwenye dirisha, ficheni mbwa wenu. Yeye ndiye aliyenisimulia jambo nililokuwa silijui. Kumbe kabla ya ule msiba, mke wangu alimfuata kwake. Akamwuliza, "Shemeji, mbona siku hizi humtukani mume wangu? Amekukosea nini?" Akajibu, "Mama, mgonjwa hatukanwi." Mke wangu akamwambia, "Basi ile pikipiki si mgonjwa. Njoo uitukane hiyo, yeye atasikia."

Mama, simama wakuone. Simama, usione haya. Asante.

Ninyi wenye wagonjwa nyumbani, somo langu ni hili. Tuhurumieni, ndiyo, lakini msituhurumie mpaka mkatuzika. Tutanieni. Tuulizeni jambo, kisha msubiri jibu, hata kama ugali unapoa.

Na ninyi wagonjwa wenzangu, hebu sote tulivyokaa hivi, nyanyueni mkono ule mgonjwa. Ule ule mnaouficha chini ya shuka. Juu, juu zaidi, mama wa kilemba cha bluu nimekuona. Msiogope. Mpiga mnada ni mimi, na leo siuzi kitu. Haya, ushusheni pole pole.