Picha ya Kinanda Kwenye Benchi

Benchi lenyewe ni ubao uliochoka, mguu mmoja mfupi, limeegemea kibanda cha fundi cherehani. Ukilikalia tu, unapata elimu ya ghafla. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba Kinanda, mwimbaji wa mapenzi, amefariki huko ng'ambo alikokwenda kutibiwa. Basi Sindano, mwenye kibanda, akachana kitambaa cheusi cha mteja wa suti, akamfunga kila mwanakijiwe mkononi, na mama muuza kahawa akafungwa kwa nguvu. Picha kubwa ya marehemu ilibanduliwa kwenye ukuta wa kinyozi, ikaegemezwa mwisho wa benchi. Bahati nzuri, nafasi ilikuwapo.

Sindano alikuwa amelia tangu alfajiri, macho yamevimba, na kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani.

— Mke wangu hana utu, alisema. Ananikuta nalia, anacheka mpaka anashikilia mlango. Eti, "Mama yangu alipofariki uliniambia jasho limekuingia machoni. Leo unamlilia mtu usiyejuana naye hata kwa salamu, mpaka unapachika mfuko wa suruali kwenye goti!"

— Kwani ulipachika? aliuliza Breki, dereva wa lori.

— Goti la kushoto tu.

— Usijali, fundi, alisema kinyozi, ambaye kwa kujua kila kitu wanamwita Profesa. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji.

— Damu gani? Kinanda si ndugu yake.

— Ndiyo maana analia maji.

Mama Kahawa alicheka hadi birika likatikisika.

— Kunyweni, jamani. Mnamlilia mtu ambaye hakujua kama mpo duniani.

— Mimi alinijua! Breki aliruka. Nilimpisha njia panda, mwaka ule, yumo kwenye gari lake jeusi. Akanipigia honi. Piii! Honi ya asante, ya mtu na ndugu yake. Kwa hiyo hapa mfiwa wa karibu ni mimi.

— Labda alikuwa anakwambia uondoe mkweche wako barabarani.

Breki alikaa kwa hasira, benchi likayumba, kahawa ikamwagikia suruali ya Profesa.

— Hili benchi lina nini siku hizi? Mbona linacheza hivi?

— Nalo lina majonzi, alisema Sindano.

— Haya, nisikilizeni, Profesa alisema akijifuta. Nani kawaambia Kinanda amekufa? Aliyekufa ni pacha wake. Kinanda ana kidoti shavuni. Zile picha za mwisho, kidoti hakuna.

— Tangu lini ana pacha?

— Mficha maradhi kifo humuumbua. Mngemjuaje, naye alifichwa?

— Basi tunamlilia pacha?

— Nusu nusu.

— Mimi nasikia kanunua kisiwa, alisema Breki. Yuko huko anawaimbia samaki, na samaki wenyewe wanalipa kiingilio.

— Nyinyi mnamjua kweli huyo mtu? Mama Kahawa aliuliza. Anavaa kiatu namba ngapi?

— Arobaini na tatu! walijibu wote watatu.

— Na mbwa wake?

— Jemadari! Alikufa kwa kisukari, maskini.

Sindano hakucheka. Alikuwa akikizungusha kile kitambaa mkononi.

— Sikilizeni, ndugu zangu. Tulipooana tulikuwa na godoro na redio, basi. Kila jioni ni wimbo wake ule wa "Nishike Mkono". Mke wangu alikuwa anaucheza na mwiko mkononi. Leo nimesikia amekufa, nikaona na ule ujana wetu umebebwa. Sasa mtu kama mimi hana haki ya kulia? Nataka mmoja tu aniambie silii upuuzi.

Profesa alifungua mdomo, akatafuta methali, akaukosa mwanzo na mwisho wake.

— Angekuwapo Bwana Ndiyo angekubali, alisema Sindano. Yule hukubali kila kitu, na mtu unapona. Kwani yuko wapi?

— Kalala, alijibu Breki. Mlinzi wa ghala, zamu za usiku, atachoka tu.

— Jana alikuja?

— Jana tulikuwa na mjadala wa mpira.

Jibu hilo likawatosha, wakarudi kwa pacha. Ndipo mwanamke mwenye kikapu na chupa ya chai alipokata kona. Aliviona vile vitambaa vyeusi, akasimama, mkono kifuani.

— Nani amewaambia?

— Redio, shemeji, alijibu Breki kwa huzuni ya heshima.

— Redio imemtangaza mume wangu? Mbona nimemwacha wodini sasa hivi anapumua!

Alikuwa mke wa Bwana Ndiyo. Walikimbilia kumshika, wote wakisema kwa pamoja: si yeye, shemeji, hajafa, ni Kinanda, yule wa nyimbo. Mama wa watu alivuta pumzi, akafuta jasho, akaitazama ile picha.

— Basi poleni na msiba, alisema.

Hapo Sindano alitamani ardhi ipasuke.

— Amelazwa tangu wiki iliyopita, mapafu, aliendelea yule mama. Mlango wa wodi ukifunguliwa, anageuza shingo. Ananiambia, wenzangu watakuja, hawajapata nafasi tu. Leo kanituma. Anasema mmtunzie mahali pake kwenye benchi, asije akakuta pamechukuliwa.

Akalitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho.

— Huwa anakaa wapi?

Waliojua namba ya kiatu na ugonjwa wa mbwa waligeuka kutazama mwisho wa benchi. Kinanda alikuwa anatabasamu pale pale, juu ya mguu mfupi, mahali ambapo Bwana Ndiyo alikuwa akikaa na uzito wake wote ili benchi lisiyumbe. Sindano aliiinua picha, akaigeuza uso ukutani. Machozi yalimshuka, na hakusema ni jasho.

Mama Kahawa aliichukua chupa ya yule mama, iliyokuwa tupu, akamimina humo kahawa yote iliyobaki birikani, akaifunga vizuri kwa kifuniko.

— Imekwisha, aliwaambia. Simameni, hospitali si mbali.