Chali na Kidole Kidogo cha Mkono wa Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, karibuni sebuleni kwangu, maana kipindi hiki ni sebule yetu sote. Kama una chungu jikoni, punguza moto kwanza. Sitaki mtu aunguze chakula halafu anilaumu mimi.

Leo tunamkumbuka mwanamieleka. Si bingwa. Narudia, si bingwa. Bwana huyu alipanda ulingoni kwa karibu miaka thelathini, katika nchi nne, na karibu kila alipopanda, alishindwa. Mashabiki walimwita Chali, kwa sababu ndivyo walivyozoea kumwona pambano likiisha: chali, mikono huku na huku, macho yamefumbwa.

Msicheke. Au chekeni tu, mwenyewe alikuwa akicheka. Lakini kushindwa ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliijua vizuri. Mieleka ya jukwaani, wasikilizaji, ni makubaliano. Wapiganaji wawili wanakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanapatana nani atanyanyua na nani atakula mwereka. Atakayeanguka ndiye mwenye kazi ngumu. Chali alijua kubana kidevu kifuani, kupokea sakafu kwa mgongo mzima na kupiga viganja chini wakati huohuo, ili kishindo kiwe kikubwa na maumivu yawe madogo. Hakuajiriwa na kampuni yoyote. Promota akimpigia simu, Chali anabeba begi, anapanda basi, anavuka mpaka.

Nyumbani alikuwa na mke mshonaji, ndiye aliyemshonea zile suruali za kubana zenye miali ya manjano. Mama huyu aliniambia, "Mazoezi ya kuanguka alikuwa anafanyia kitandani. Chaga zimevunjika hata sikumbuki mara ngapi! Nikamwambia, baba wee, ulingo uko huko kazini. Hapa watu wanalala."

Na alikuwa na binti mmoja. Huyo binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, ndiye aliyenisimulia haya ninayowasimulia.

Alikuwa na miaka saba alipopelekwa kumwona Baba kazini kwa mara ya kwanza. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki hadi mlangoni. Siku hiyo promota alikuwa anamtambulisha mpiganaji mpya, jitu la kutisha, watu walimwita Ghorofa. Kazi ya Chali ilikuwa moja: aangushwe vibaya, abaki amelala, ili watu watoke pale wakimwogopa Ghorofa. Na mwiko wa kazi ile ni mmoja. Ukishalala, umelala. Hufumbui jicho. Hukuni pua.

Ghorofa akamnyanyua hadi juu, akambwaga. Ukumbi mzima kimya. Mwamuzi akamtikisa Chali, Chali hatikisiki. Ndipo sauti ndogo ikapasua kutoka viti vya mbele.

"Baba! Baba, amka!"

"Nilidhani amekufa," binti ananiambia. "Mambo ya makubaliano mimi nitayajulia wapi? Hakuna aliyeniambia. Nilimwona Baba yangu kalala, hapumui, na watu wanamtazama tu."

Chali aliisikia sauti ile. Akafumbua jicho moja. Akamkonyeza mwanawe, akatabasamu.

Wasikilizaji wapendwa, ukumbi mzima ulimwona. Watu waliangua kicheko, wengine wakalia kwa kucheka. Ghorofa, aliyetakiwa kuwa tishio la nchi nzima, alisimama pale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Promota alikuja mbio nyuma ya pazia. "Umeniharibia jitu langu! Jitu langu umelifanya kichekesho!"

Unga ukamwagika. Kwa zaidi ya mwaka mzima simu haikulia. Chali, kwa mgongo uleule uliosifiwa nchi nne, akawa anabeba makabati na friji za watu wanaohama nyumba. Mkewe alimuuliza kama anajuta. "Akanishangaa," anasema. "Akaniambia, mama, mtoto alikuwa analia."

Mimi huwa narudia maneno hayo nikiwa peke yangu. Mtoto alikuwa analia. Basi.

Aliyemrudisha kazini hakuwa promota. Alikuwa Ghorofa. Jitu lile, kumbe roho yake laini kama pamba, lilikuwa limemvunja bega kijana mmoja asiyejua kuanguka, na tangu hapo likaogopa hata kunyanyua watu. Akamwambia promota, "Nirudishie Chali, la sivyo tafuta jitu jingine."

Kabla ya kuondoka, Chali alimkalisha binti yake juu ya meza ya cherehani. Akamwambia, "Nikilala pale, angalia mkono wangu wa kushoto. Kidole kidogo kikigonga chini mara mbili, ujue niko salama. Ni siri yetu. Hata Ghorofa asijue."

Tangu siku hiyo, pambano lolote, nchi yoyote, kidole kiligonga mara mbili. Kwanza binti alikitafuta kwenye televisheni ya jirani, baadaye kwenye simu yake mwenyewe. Watu waliangalia nani kashinda. Yeye aliangalia kidole. Kikigonga, ndipo anapumua na kwenda kuendelea na mambo yake.

Mara moja tu hakikugonga. Binti alikwishakuwa msichana mkubwa. Aliitazama simu mpaka matangazo yakaingia, kidole hakuna. Akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena, roho mkononi, mama yake kasimama pembeni na sindano imebaki katikati ya kitambaa. Mwishowe Baba akapokea, anahema. "Nisamehe mwanangu. Ghorofa alinilalia mkono!"

Walicheka mpaka wakalia. Lakini binti ananiambia kilio kile hakikuwa cha kicheko tu. Muda wote ule alijiona amerudi kwenye kiti cha plastiki, ana miaka saba.

Chali alistaafu akiwa na magoti mabovu na marafiki kila kituo cha basi. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Mwezi uliopita alilazwa. Mkewe upande mmoja, binti upande wa pili, na Ghorofa miguuni, kwenye kiti kidogo kilichokuwa kinalalamika. Chali alikuwa hasemi tena. Ila hataki kulala. Anasinzia, anashtuka, anamtazama mkewe. Anasinzia, anashtuka, anamtafuta binti yake. Muuguzi akasema, "Mzee amechoka sana, lakini anakataa kupumzika. Sijui anangoja nini."

Binti alijua. Safari hii anayeangalia ni Baba.

Akauchukua mkono wa kushoto wa baba yake, akaufungua. Akaweka kidole chake kidogo kwenye kiganja kile. Akagonga mara mbili.

"Nikamwambia, Baba, tuko salama. Mimi, Mama, watoto, wote. Lala tu."

Chali akamtazama. Akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Kwa mama mshonaji, kwa binti na wajukuu, na kwako Ghorofa, ambaye najua unanisikiliza na unalia: poleni. Poleni sana. Mwenyezi Mungu awatie nguvu.

Na wewe uliye safarini, au kazini, au umekosana na mtu mkanuniana, kuna mahali mtu anakutazama anangoja kujua kama u mzima. Mfikirie. Usimwache na roho mkononi.

Mimi sina la kuongeza. Naweka mkono wangu wa kushoto juu ya meza ya studio, karibu kabisa na maiki. Nyamazeni kidogo, msikilize.

Hiyo moja.

Na hiyo ya pili.

Lala salama, Chali.