Njia ya Matai Kupitia Mbizi

Pale Sumbawanga lami ya zamani inapokatika na vumbi la mkandarasi kuanza, kuna benchi limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la ushirika lililofungwa. Hapo ndipo kijiweni. Tangu makatapila yaivuruge barabara ya Matai, kila dereva asiyetaka kusimamishwa na vijana wa bendera huegesha hapo kuuliza pa kupenya, na benchi zima humjibu kwa mpigo, kila mtu na njia yake. Mwenye gari hakuna hata mmoja. Mzee Yonas, aliyepunguzwa kazi ushirika ulipokufa, ndiye mchemsha kahawa. Oswaldi, aitwaye Spana, ni fundi ambaye magari yamemkimbia. Baltazari ni Bunge, maana akishika hoja hakai chini. Na Eustace ni Digrii: Jiografia, Chuo Kikuu, alimaliza mwaka uleule serikali ilipotangaza kwamba sasa ni soko huria, kila mhitimu ajitafutie. Amejitafutia mpaka soli zimekuwa karatasi. Alichopata ni nafasi kwenye benchi, upande wa upepo.

Jumapili hiyo, baada ya misa ya pili, Digrii alikuwa na furaha ya mtu aliyekitia mchanga kitumbua cha mwenzake.

— Hebu rudia, alisema Bunge. Fabiani alisimama hapa akasemaje?

— Akashusha kioo, Digrii akajibu. “Kaka Eustace, msomi wetu! Naenda Matai, sitaki kula vumbi. Nipe njia nzuri.” Kaka! Mtu niliyekuwa namfanyia hesabu tangu darasa la nne!

— Na Herieth?

— Kiti cha mbele.

Alilitamka hilo kama anatema mwiba. Kila Jumapili yeye ndiye humsindikiza Herieth kwa miguu kutoka kanisani mpaka njia panda ya Pito, wakiongea Kiingereza kidogo na mambo yao mengi, posa ikingoja ajira. Leo hakumsindikiza. Leo Fabiani, karani wa stoo kwa mkandarasi, alimfungulia mlango wa gari jeupe, mtumba wa Japani, mbele ya waumini wote.

— Nikamwambia achana na barabara kuu, Digrii akaendelea. Panda Mbizi, fuata ukingo, Ziwa Rukwa liwe chini kulia kwako. Msitu ukiisha utaiona njia ya kushukia Matai kwa nyuma.

Spana akatua kikombe.

— Digrii, Mbizi iko mashariki. Matai iko kule! Umemtuma mtu Matai kwa kuipa mgongo?

— Dunia ni mviringo. Ask anybody.

Benchi likacheka mpaka likayumba. Kila mmoja alikuwa na sababu zake.

— Safi sana! Spana akasema. Tangu anunue lile gari hajaniletea hata pancha. Eti linatengenezwa kambini kwa mkandarasi, na fundi wa kigeni.

— Kahawa yangu nayo haigusi siku hizi, alisema Mzee Yonas. Anakunywa ya kopo.

— Jamaa kafeli fomu foo mara mbili, leo ana funguo za stoo! Bunge akapaza sauti.

— Na mimi niliomba kazi palepale, Digrii akasema. Nikaambiwa, “We are looking for experience.” Experience ya kuhesabu mapipa ya dizeli! Sasa acha aipate leo, na tope lake.

— Saa hizi wameshazama, Spana akatangaza. Kule juu mvua haikatiki, na udongo wake ukinyeshewa ni sabuni. Na lile gari tumbo liko chini kama nguruwe mwenye mimba.

— Na Herieth anasukuma! Bunge akadakia. Viatu mkononi, tope mpaka hapa! Anamwambia, kumbe wewe mwanamume wa kwenye lami tu!

Digrii akafumba macho aione picha hiyo. Akaiona vizuri kupita alivyotaka. Akamwona Fabiani akikunja suruali, akiinama, akimwambia Herieth, panda mgongoni nikuvushe.

— Hawajazama, akasema ghafla.

— Kwa nini?

— Wakizama atambeba.

Spana akakuna kichwa. Hilo hakulifikiria.

— Basi rejeta imechemka. Wako juu kabisa, maji hakuna, na ule upepo unaokata masikio. Wanatetemeka kama vifaranga.

— Fabiani alivaa nini?

— Lile koti lake la ngozi, alisema Mzee Yonas.

— Basi ameshalivua! Digrii akapiga goti lake. Ameshamvisha! Toa hiyo, lete nyingine.

— Ngoja niseme mimi, wanangu. Wamekutana na ng'ombe wa Ngeleja, yule Msukuma. Kundi limejaa njia nzima, mbele hakuendeki, nyuma hakuendeki. Wamekaa tu ndani, vioo juu.

— Vioo juu! Mzee wangu, unanisaidia au unanizika?

— Wote hamjui kumfariji mtu! Bunge akasimama, kikombe juu. Breki zimekatika. Gari limeserereka ule mteremko wote mpaka Ziwa Rukwa, chubwi! Mamba wamemla Fabiani, wamebakiza koti.

Digrii akatabasamu. Mamba walikuwa wazo zuri.

— Na Herieth?

— Ameopolewa na wavuvi.

— Wavuvi gani?

— Wavuvi tu. Vijana wa kule.

— Wameoa?

Bunge akamtazama kwa huruma, akaketi.

Hapo lori la Kasanga likasimama. Akashuka mama mmoja na tenga la samaki, migebuka mikavu: Klementina, mchuuzi ambaye wiki haipiti bila kuonekana sokoni.

— Shikamoo Mzee Yonas. Vijana, hamjambo?

— Marahaba, mama. Pole na safari. Keti upate ya moto.

— Umekula vumbi sana? Spana akamuuliza.

— Vumbi la wapi? Leo Jumapili, makatapila yamelala. Tangu Matai hatujasimamishwa hata mara moja. Barabara nyeupe, imemwagiwa maji, nimesinzia mpaka shingo inauma.

Wakatazamana.

— Sasa huyu mwenzetu, Bunge akaanza kumweleza, kampitisha mtu Mbizi aende Matai. Fabiani. Alikuwa anakwepa ujenzi.

— Fabiani wa stoo? Klementina alikuwa anapuliza kahawa yake. Si ndiye anayewagawia vijana bendera kila asubuhi? Jana jioni nikishuka Kasanga nimemwona akizipokea, akiwaambia mpaka Jumatatu.

— Ndiye.

Mama yule akanywa funda, akafikiri kidogo. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuelewa tu.

— Sasa kama barabara anaifunga mwenyewe na kuifungua mwenyewe, njia alikuja kuwauliza ya nini?

Spana akaangalia matairi ya lori kana kwamba ameitwa kuyakagua. Mzee Yonas akachochea mkaa usiohitaji kuchochewa. Bunge akaomba kahawa nyingine.

Digrii alikuwa anamwona Fabiani ameegemea usukani, anasikiliza maelekezo hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayesomewa orodha ya zawadi. Na yeye Digrii, kwa kukoleza uongo wake, aliwasifia mpaka pa kusimama: kuna mwamba pale juu, ukikaa unaliona ziwa lote. Halafu akawatisha kwamba safari hiyo itawafikisha jioni. Fabiani hakushtuka. Herieth alicheka, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti.

Pikapu moja ikapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa dirishani.

— Habari za hapa, wakubwa! Nasikia barabara ya Matai ni kasheshe. Hakuna njia nyingine, hata ya kuzunguka?

Wote wakamgeukia Digrii, kama kawaida.

— Nyoosha tu, kaka, akasema, bila kuinua uso. Iko wazi.