Felician Lumbesa na Mtihani wa Tatu

Mimi naitwa Gharibu, mwenyeji wa Ujiji, na huu ni mwaka wa kumi na mbili nauza kahawa hapa Kasulu, kwenye kona ya barabara inayoteremka hospitali. Benchi ni langu, dele la kahawa ni langu, mkaa ni wangu, lakini ukikaa hapa nusu saa utadhani mgeni ni mimi, maana wateja wangu hawana adabu hata ya kuniuliza naendeleaje. Asubuhi baridi ya huku juu inauma, kila mtu kakumbatia kikombe, na kabla sijamimina cha pili wameshaanza kugombana. Alhamisi iliyopita walikuwa watatu. Felician, mnunuzi wa maharage, tunamwita Lumbesa kwa sababu gunia lake likijaa hatosheki: anashona kichwa juu yake, anajaza tena mpaka linasimama kama lina kilemba. Isack, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, tunamwita Ticha. Na Ndayisaba wa bodaboda tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki.

Siku hiyo Lumbesa hakugusa hata kashata. Nikajua pana jambo.

— Leo ndiyo leo, akasema. Saa nne naingia kwa Katekista Anaclet. Nikifeli na mara hii ya tatu, Jumamosi hakuna ubatizo, hakuna ndoa.

— Wewe si una mke na watoto watatu? akauliza Redio. Ndoa ya nini tena?

— Si yangu bwana, ya Ernesta.

Hapo alisema kweli. Ernesta, mkewe, ni Mkatoliki wa kuzaliwa, Lumbesa hajawahi kubatizwa, na wamekaa pamoja miaka tisa bila ndoa ya kanisani. Miaka tisa, kila Jumapili wenzake wakipanga mstari kwenda kukomunika, Ernesta anabaki kwenye benchi, anavuta magoti pembeni wapite. Sasa padre kakubali, baba mkwe kafika kutoka Kitanga na mbuzi wawili, gauni limeshonwa. Kilichobaki ni swali moja tu la Katekista, na hilo swali Lumbesa kalifeli mara mbili.

— Swali lenyewe ni lipi? akauliza Ticha.

— Yesu ni Mungu au ni mtu?

— Mara ya kwanza ulijibuje?

— Nikasema nusu kwa nusu.

— Akasemaje?

— Akaniuliza nusu ipi ndiyo iliyozaliwa Bethlehemu.

— Na mara ya pili?

Lumbesa akainamia kikombe.

— Nikasema usiku Mungu, mchana mtu.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Kwani ni mlinzi wa godauni? Ana zamu?

— Cheka tu. Wewe uliyebatizwa ukiwa mchanga hujaulizwa kitu. Ulibebwa tu, ukamwagiwa maji, ukalia.

— Sawa, sawa. Basi sikiliza, kaka, mimi nakupa jibu la uhakika, akasema Redio, akachomoa simu yake mfukoni na kuipandisha juu kama refa anayetoa kadi. Hii ni nini?

— Simu.

— Simu ya laini mbili! Chombo kimoja, laini mbili, zote ziko hewani. Laini ya kwanza Mungu, laini ya pili mtu. Akitaka kufufua, anapigia ya kwanza. Akisikia njaa, hiyo ni ya pili inaita. Nenda kamwambie hivyo Katekista, ataanguka.

Ticha akakunja uso. Huyu akikunja uso ujue darasa limeanza.

— Ukiongea na laini moja, ya pili inapatikana?

— Inategemea simu.

— Ya kwako je?

— Ya kwangu... inasema mteja hapatikani.

— Basi! Yaani akiwa anakula samaki na wanafunzi wake, Mungu hapatikani? Dunia inaendeshwa na nani?

— Ticha, wewe una matatizo. Watu wanataka kuoa hapa.

Nikawaongezea kahawa. Lumbesa akanigeukia mimi kwa macho ya mtu anayezama.

— Gharibu, ndugu yangu, wewe unasemaje?

— Mimi Mwislamu, nikamwambia. Kwetu ni Nabii Isa, mwana wa Maryamu, na heshima yake ni kubwa. Zaidi ya hapo mimi naongeza tangawizi tu.

— Huyu mtihani wake aliumaliza zamani, akasema Redio. Haya, nimepata nyingine. Uraia pacha!

— Uraia pacha hauruhusiwi, akasema Ticha.

— Ndiyo nasema! Nyie hamjui tabu ya kuitwa Ndayisaba. Kila kizuizi cha polisi nashushwa. "Wewe Mrundi?" Mimi Muha. "Muha na jina hilo?" Jina la babu. "Babu kazaliwa wapi?" Hapo hapo Kasulu. "Mbona unaongea kama Mrundi?" Sasa nawaambia, mfikirie Yesu anafika kizuizini na bodaboda. "Jina?" Yesu. "Baba yako nani?" Hapo atasemaje? Akisema Yosefu, kadanganya. Akisema Mungu, anaambiwa shuka. "Umezaliwa wapi?" Bethlehemu. "Umekulia wapi?" Nazareti. "Na kabla ya hapo ulikuwa wapi?" Kwa Baba. "Kaa pale kwenye jiwe usubiri mkubwa."

Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

— Na akikaa pale, akaendelea Redio, anakaa kwenye jiwe lake mwenyewe! Kaliumba yeye! Lakini jua linampiga vilevile kama linavyonipiga mimi.

— Hilo umesema, akasema Lumbesa taratibu. Hilo kidogo limeniingia.

— Halijibu swali, akasema Ticha. Tufanye hesabu.

Akaokota kijiti, akaandika mavumbini mbele ya dele langu.

— Mungu, asilimia mia. Mtu, asilimia mia. Jumla?

— Mia mbili, tukasema wote.

— Asilimia mia mbili ya kitu kimoja! Mtoto wa darasa la tano akiniandikia hivyo namkata maksi zote. Haiwezekani. Kitu kikijaa kimejaa.

Nilimwona Lumbesa anainuka kwenye benchi polepole, kama mtu aliyeumwa na siafu mahali pa aibu. Akamshika Ticha bega.

— Rudia.

— Kitu kikijaa kimejaa.

— Nani kakuambia? Mimi kila siku najaza gunia likajaa, halafu najaza tena! Debe sita zimeingia, gunia limejaa, hakuna anayeweza kusema ni nusu gunia. Nashona kichwa, naongeza, nakaza kamba moja. Ukilibeba ni gunia moja, mgongo mmoja. Mana yanje, Mungu wangu! Yesu ni lumbesa!

— Lumbesa ni kosa! akapiga kelele Ticha. Imepigwa marufuku! Sheria inataka gunia lishonwe mdomoni, basi!

— Ndiyo maana walimkamata! akasema Redio.

— Astaghfirullahi, nikasema mimi.

Wakati wote huo alikuwapo mama mmoja, kakaa mwisho wa benchi, begi lake miguuni. Kitenge chake na kilemba vilinionyesha ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, wale wanaokuja mjini na kibali cha hospitali. Nilimpa kahawa, akasema merci, akaishika bila kunywa. Sikumjali sana. Nilikuwa nacheka na wenzangu, na sasa nikikumbuka najionea aibu.

Lumbesa alikuwa anatembea mbele ya benchi anajifundisha jibu lake. Gunia limejaa, kichwa kimejaa, kamba moja. Gunia limejaa, kichwa kimejaa, kamba moja. Hakuona kwamba saa nne imeshapita, wala hakuona baiskeli iliyosimama nyuma yake.

— Nani lumbesa?

Alikuwa Katekista Anaclet mwenyewe. Mzee mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Miaka thelathini anafundisha ubatizo, na hakuna mtu Kasulu aliyewahi kumwona anacheka wala analia.

— Shikamoo Katekista, tukasema wote, hata mimi.

— Marahaba. Felician, nimekusubiri kanisani robo saa. Napita hapa nakukuta unamfunga Bwana kamba.

Tukamhurumia Lumbesa. Redio akajitosa.

— Katekista, tunakuomba tu, tupe wewe jibu lenyewe, mwenzetu aende Jumamosi.

Katekista akanyoosha kidole kimoja.

— Mungu kweli, mtu kweli. Hakuna nusu. Hawakuchanganywa kama maziwa na chai, wala hawakutenganishwa kama kokwa na ganda. Mmoja. Ni rahisi. Ni kukariri tu.

— Ni kukariri tu, akarudia Lumbesa kama mtoto.

Ndipo yule mama akaweka kikombe chini.

— Pole, Katekista. Miye niko na swali.

Tukageuka. Nadhani wenzangu ndiyo kwanza walikuwa wanamwona.

— Sema, mama.

— Kwa kaburi ya Lazaro, Yezu alilia. Si njo vile banasoma?

— Ndivyo.

— Na alikuwa anajua atamufufula.

— Alijua. Aliwaambia wanafunzi kabla hawajafika.

— Sasa alikuwa analilia nini?

Katekista akafungua mdomo.

— Pale, mama, alilia kwa ubinadamu wake...

— Ndiyo. Lakini ule mutu njo ule ule Mungu, si umesema? Mumoja. Alikuwa anajua kisha dakika kidogo Lazaro atatoka, watakula pamoja. Analilia nini?

Mimi nikamtazama Ticha, Ticha akatazama hesabu yake mavumbini. Redio alikuwa bado kashika simu. Nikamtazama Katekista, na nikaona jambo ambalo sikutegemea kuliona, mzee yule anatafuta neno na halipo.

— Naulizaka hivi, akasema yule mama, juu dada yangu amekufa jana hapa ku hospitali. Apoline. Gari ya kambi itakuja kumubeba saa sita. Tangu asubuhi batu banapiga telefone, pasta anapiga, baba mukubwa anapiga, bote banasema, usilie, atafufuka. Najua atafufuka. Naamini kabisa. Lakini machozi iko natoka tu. Sasa naulizaka, niko nafanya zambi?

Tumekaa naye saa nzima tunacheka, kikombe chake kimepoa mkononi, na msiba wake uko mita mia mbili kutoka hapa.

Katekista akavua kofia yake.

— Mama, sijui alilia nini. Nimefundisha habari hiyo ya Lazaro miaka thelathini, sijawahi kuulizwa, na sijawahi kujiuliza. Lakini dhambi hufanyi. Kama yeye alilia, wewe nani akukataze?

Mama akafunika uso kwa kitenge.

— Umebaki na nani hospitali? akauliza Katekista.

— Peke yangu.

— Twende.

Akamshika mkono, wakaanza kuteremka. Lumbesa alikuwa amesimama katikati ya barabara, hajui aende au abaki.

— Katekista! Na mtihani wangu?

Mzee hakugeuka.

— Lete baiskeli.

Basi Lumbesa akaichukua baiskeli, akaisukuma nyuma yao, na begi la yule mama kaliweka kwenye keria. Ticha akafuta hesabu yake kwa kiatu, akasema ana kipindi, akaondoka. Redio akabaki. Siku hiyo hakubeba abiria hata mmoja hadi mchana, na mimi sikumuuliza.

Saa tisa Lumbesa akarudi. Shati lilikuwa na vumbi, macho mekundu. Akakaa, nikammiminia bila kuambiwa.

— Umefaulu? akauliza Redio.

— Kaniambia Jumamosi saa nne nivae shati jeupe. Nimepita nyumbani kumwambia Ernesta. Kaingia ndani kafunga mlango.

— Kakasirika?

— Hapana. Nilimsikia anaimba.

— Kwa hiyo ulijibu! Ulisema lumbesa au ulikariri?

— Sikuulizwa. Tulifika pale, tukasubiri nje ya chumba cha maiti, gari likachelewa. Lilipofika tukambeba Apoline, mimi miguuni, Katekista kichwani. Ni mwepesi sana yule mtu, Redio. Tukamweka ndani, mama akapanda, gari likaondoka. Katekista akabaki amelishika lango la hospitali. Nikamwona analia. Nami nikaanza.

— Katekista? Analia?

— Kwa sauti. Watu wakatutazama.

Redio akakuna kichwa. Hakuwa na utani, alitaka kujua kweli.

— Kwani mlikuwa mnamfahamu marehemu?

— Hata kidogo. Jina lenyewe nimelisikia hapa hapa, pamoja na wewe.

— Sasa mlikuwa mnalilia nini?

Lumbesa akamtazama. Akageuka akanitazama mimi. Nami nikachochea mkaa.