Gurudumu la Kushoto la Valiant

Sogea, Oneida, kaa hapa miguuni pangu, na wewe Lyle toka hapo mlangoni, maana najua kuna bunduki nyuma yake na najua inamngoja nani. Unadhani mama yako kazeeka hata haoni? Unangoja nife, unizike, ule chakula cha matanga watakachokuletea majirani, halafu ushuke bondeni Caney ukampige risasi Roscoe Slone. Uliniahidi hutamgusa maadamu niko hai, na ahadi hiyo inaishia pumzi yangu inapoishia. Basi nisikilizeni kabla haijaisha, wala mtu asinikatize, kwa sababu maneno yenyewe nayavuta kwa kamba.

Nyumba hii ni ya Oneida. Wewe Lyle usinune, wakati mwenzio alikuwa ananibadilisha shuka wewe ulikuwa unapaka bunduki mafuta. Kilima chote, kuanzia miti ya jozi hadi kwenye makaburi, ni chako, na ukiwauzia watu wa makaa ya mawe hata kipande cha kuzikia paka, nitafufuka nije kukuchapa. Sufuria kubwa ya kuchemshia nguruwe mtaazimana kama watu wenye akili.

Limebaki gari.

Baba yenu Burchell alilinunua jipya mwaka wa sitini, mwaka ule ule magari hayo yalipotoka kwa mara ya kwanza. Lilikuwa halina hata ubini, likiitwa Valiant tu, mpaka mwaka uliofuata wenye kiwanda walipoyaandika Plymouth, kama mtoto anayetambuliwa na baba yake akiwa ameshaota meno. Wakati huo kila mwanamume wa milima hii alitaka gari refu kama ghala la tumbaku, na Burchell akaja na kitu kifupi, chenye vitufe vya kubonyeza badala ya mkono wa gia, injini imelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta, na nyuma kwenye buti wamechora gurudumu la uongo kwenye bati. Clell, baba yenu mdogo, alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka," akasema, "umejinunulia choo chenye magurudumu! Mfuniko wake huu hapa!" Burchell alingoja Januari, barafu ilipogandisha malori ya bonde zima, akabonyeza kitufe chake akapita mbele ya nyumba ya Clell polepole, akipiga honi. Nilimpenda sana mwanamume yule, nasema wazi, sina tena wa kumwonea haya.

Kisha ukaja mgomo wa mgodini, na watu wakawa mbwa. Kampuni ilileta walinzi wenye bunduki, wetu nao walikuwa na za kwao, na ikafika mahali mtu haendi kununua chumvi bila kupigwa. Nilimwona mwanamke mwenzangu akipasuliwa taya kwa kitako cha bunduki, kisa kambeba mtoto wake kupita karibu na lango. Siku moja kabla ya kifo chake, Burchell alipeleka gari kwa Roscoe Slone pale kwenye gereji yake, akamfungia matairi mapya. Roscoe alikuwa rafiki yetu. Lakini kaka wa mkewe alikuwa mlinzi wa kampuni, na hilo likumbukeni.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunatoka kumpelekea chakula mama yake Burchell. Mimi mbele, wewe Lyle tumboni, Oneida kiti cha nyuma na Clell. Pale kwenye kijito, tairi la mbele la kushoto likapasuka kwa jiwe. Na huko nyuma, juu ya kona, tukasikia lori lao. Burchell akapiga jeki huku akiniambia nimlaze mtoto chini. Clell ndiye alikuwa na nguvu za fahali, ndiye aliyeshika spana. Akavuta. Haikulegea. Akapanda juu ya spana kwa mguu, akaruka, na bolti ikakatika, tak! Akahamia ya pili, ikakatika vilevile. Lori likafika. Wakamvuta Burchell kutoka pale alipopiga magoti, wakampiga kwa mpini wa shoka mpaka uso wake sikuujua tena, na alipokuwa hawezi hata kuinua mkono, mmoja akamtia risasi shingoni. Clell alikuwa kijitoni, wamemvunja mbavu, anapiga kelele, "Nilikuwa nafungua tu! Nilikuwa nafungua tu!" Damu ya baba yenu ilinifika mpaka kwenye viatu. Nilivivaa hadi maziko, sikutaka kuviosha.

Jambo lile likamtafuna Clell, na kabla ya arobaini kupita akawa ameshapata wa kumlaumu. Slone! Slone ameharibu bolti, shemeji yake kamtuma! Tukaamini wote. Mimi pia niliamini, tena nilitaka kuamini. Clell na wenzake wakamkamata Roscoe kwenye gereji yake, wakaweka mkono wake wa kulia juu ya fuawe, wakaupiga nyundo kidole kwa kidole. Alisema kitu siku ile, akakirudia mbele ya polisi, na watu wetu wakamtemea mate wakidhani anawadhihaki. Nitawaambia alisema nini. Kisha Denver wangu, mwanangu wa kwanza, alipoota ndevu akaenda kuichoma gereji, na kaka yake Roscoe akampiga risasi mlangoni, akafa ameshika kibiriti. Clell naye akamuua kaka huyo akitoka kanisani. Ndipo akakuchukua wewe Lyle, mtoto wa miaka minane, akaubandika mkono wako juu ya udongo mbichi wa Denver akakuapisha kwamba Roscoe ni wako. Kampata mtoto, kampa kaburi la kuchezea.

Sasa Lyle, gari nimewaomba majirani walitoe ghalani, liko hapo chini ya dirisha, jeki imeshapigwa. Clell alikuwa amekataza lisiguswe, eti ni ushahidi. Haya, Clell kafa, na mimi nataka ushahidi. Chukua ile spana ya magurudumu, nenda gurudumu la mbele la kushoto, unifungulie nati moja uniletee hapa mkononi. Usiulize. Ukirudi nitakuambia ni nani aliyemuua baba yako, na baada ya hapo sitakuzuia kwenda popote. Nenda, baba.

Amekwenda? Fungua dirisha, Oneida. Lete maji. Si mengi.

Sikia, mwanangu. Majira ya kuchipua, daktari aliponiambia habari zangu, nilishuka ghalani na kigoda na mafuta ya taa, nikakaa kulisafisha gari la mume wangu, maana kaburi lake nalo huwa nalisafisha mimi. Nikafuta kutu kwenye ncha za bolti, upande wa kushoto. Kila ncha imechongwa herufi moja, L, ile ya 'left', kushoto. Upande wa kulia hakuna herufi. Nikakaa nikaitazama. Nikakumbuka maneno aliyoyasema Roscoe mkono wake ukiwa juu ya fuawe: "Upande wa dereva zinafunguka kinyume! Zote za aina hii, zimetoka kiwandani hivyo!" Nikachukua spana, Oneida, mkono huu usioweza hata kufungua chupa ya matango ya siki, nikasukuma kwenda kulia, kule ambako duniani kote mtu hukaza. Ikalegea. Niliikaza tena, nikalia pale chini mpaka ng'ombe wakaja kunitazama.

Baba yenu hakuwahi kufungua gurudumu lile, kazi hiyo alimwachia Roscoe. Sisi tulikuwa watu wa malori ya aina nyingine, yanayofunguliwa kwenda kushoto pande zote. Kikulacho ki nguoni mwako. Clell alikuwa anakaza, mwanangu, anakaza kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyompenda kaka yake ndivyo alivyozidi kukaza. Waliomuua ni wale wenye lori, na walishakufa vitandani mwao. Nyamaza. Usimwite. Mwache avute.

Tak.

Umesikia? Miaka yote hii naisikia sauti hiyo usingizini.

Njoo, Lyle. Iko wapi nati yangu? Mbona umeleta kipande? Sema kwa nguvu, masikio yananiacha. Ulikuwa unafungua tu? Rudia. "Nilikuwa nafungua tu." Basi niambie, mwanangu, Roscoe Slone amepitia wapi leo? Yuko chini ya gari? Geuza hicho chuma, futa ncha yake, soma. Oneida atakueleza, mimi pumzi... ngoja.

Usilie kwa sauti. Lia, lakini nisikilize. Bunduki mpe dada yako. Hicho kipande kitie mfukoni, ushuke Caney mchana, mikono iwe mitupu ionekane tangu mbali, umpe Roscoe. Huna haja ya hotuba, akikiona ataelewa. Akikufukuza, kaa barabarani. Akikupiga, pigwa. Mwambie Nervie Gayheart amemwomba aje kuchimba kaburi lake pamoja nawe, kwa mkono aliobaki nao, kama majirani wa bonde hili walivyochimbiana siku zote kabla hatujawa wanyama. Na gari ni lake. Alisema ukweli wake, akavunjwa mkono kwa ajili yake.

Mungu awape usingizi. Awape wajukuu wasiojua jina la mtu yeyote wa kumchukia. Mkono wangu uko wapi... uweke hapo juu ya kichwa chake, Oneida, mimi siwezi kuuinua.

Rudi nje sasa, Lyle. Imebaki nyingine pale. Sukuma kwenda kulia, polepole, usitumie nguvu. Dirisha liacheni wazi.

Inalia... Hiyo inayolia ni kutu tu, baba, usiogope. Endelea. Inazunguka.