Mashine Iliyookoka

Vuteni viti karibu, wanangu, na hizo simu ziwekeni juu ya kabati, vioo vitazame chini, maana ninayotaka kusema sitaki yafike Mbeya kabla hayajafika masikioni mwenu. Rabson, kaa huku kichwani. Prisca, wewe kaa miguuni. Mmeketi kama abiria waliopangiwa siti moja na hawajuani, nami pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu, kwa hiyo asinikatize mtu, hata kwa maombi.

Daktari alimweleza muuguzi hali yangu kwa Kiingereza, akidhani bibi kizee wa Kihesa hataambulia kitu. Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba nimemwelewa vizuri. Haikubadilisha lolote. Ninakufa, na hilo si neno la kuzungusha. Kufa kwenyewe sikuogopi. Ninachoogopa ni kuzikwa na watu wawili, kwa sababu jeneza halibebwi na watu wawili, wanangu, hata kama mmoja ameokoka na mwingine ana digrii.

Mashine ile ya kusaga tuliijenga na baba yenu, marehemu Liberatus, nilipostaafu ualimu. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na Jumapili kila mmoja alishika njia yake, kisha tukakutana mezani kula maharage yaleyale. Mlangoni pa mashine hatukuuliza dini ya mtu. Aliyeleta mahindi alisagiwa, aliyeleta muhogo alisagiwa, na aliyeleta kimea cha komoni, pombe yetu ya kienyeji, alisagiwa mwisho, jua likishuka, ili unga wa wengine usishike harufu. Hiyo ndiyo ilikuwa katiba yetu, na haikuandikwa popote, na watu waliiheshimu kuliko zilizoandikwa.

Rabson, sikukulaumu ulipookoka. Wanaokucheka leo hawakuwepo ulipokuwa unashushwa kwenye basi Nyololo kwa ulevi, nami nikaja kukuchukua na khanga ya kukufunika. Kanisa lile lilikuokota wakati sisi wenye vyeti tumeishiwa maneno. Kwa hiyo ukisema pombe ni moto, ninajua umeungulia wapi. Lakini mtu aliyeungua hapewi ruhusa ya kumwagia jirani maji kitandani.

Siku ile Sabina alikuja na kimea chake. Sabina huyu wa mlango wa pili, aliyewasomesha watoto wake kwa komoni, aliyekubeba wewe mgongoni nilipokuwa nasahihisha mitihani. Alikuja jioni, kama utaratibu ulivyo. Nawe ukasimama mlangoni na kipaza sauti cha kanisani, ukamwambia, "Mama Sabina, rudi na mzigo wako. Mashine hii imeokoka."

Akakutazama, akacheka, akakuambia, "Kama imeokoka, mwanangu, mbona haifungi? Tangu asubuhi inakula mahindi tu."

Watu wakacheka. Hapo ndipo ungecheka nao, ukasema lako, ukaishia hapo. Kicheko kikakuuma, ukatangazia mtaa mzima kwamba mumewe yuko motoni kwa sababu ya kimea kilekile, na yeye anamfuata. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hukuuliza kimea kile ni cha nini. Kilikuwa cha pombe ya kuanua tanga la mumewe huyohuyo. Na huku kwetu kitu cha msiba hakirudishwi mlangoni. Hata adui yako akija kuomba jembe la kuchimbia kaburi unampa, ugomvi mtaendelea nao kesho.  Sabina alijitwika kimea chake, akaondoka, na kicheko cha watu wote kikaondoka naye.

Prisca, usiinamishe kichwa kwa huruma, zamu yako imefika. Kuna mtu alirekodi, na klipu ikakufikia huko ofisini kwako Mbeya. Ungeweza kupanda basi. Ungeweza kumpigia kaka yako ukamtukana kwa siri, kama ndugu wanavyotukanana. Wewe ukaitupa kwenye kundi la mtaa, ukaandika, "Huyu ni kaka yangu wa tumbo moja, na nawaomba msimpelekee hata debe moja." Watu wakakusifu, wakakuita jasiri. Ujasiri gani wa kufunga mashine ambayo huli unga wake?

Walianza kususa wapika pombe, ikawa haki yao. Wakafuata Wakatoliki, kwa kuwa marehemu mume wa Sabina alikuwa mwenzao, na Walutheri wenzangu, waliosema hawataki ubaguzi, wengine wao wanakunywa kwa kificho na walifurahi kupata sababu ya heshima. Waumini wako, Rabson, walikuja na mahindi yao na mapambio kwa majuma kadhaa. Kisha mvua zikanyesha, wakapima umbali, wakaona kuwa mashine ya Filemoni ng'ambo ya barabara ni karibu zaidi. Imani ilibaki palepale, madebe yakahama.

Mtendaji wa mtaa alinijia hapa kitandani, "Mama, mnyamazishe kijana wako." Nikamwambia, "Ulimi wake unanikera kuliko unavyokukera wewe, lakini ukija na kisu cha kuukata leo, kesho utarudi na kisu hicho kuutafuta wangu." Akaondoka bila kumaliza chai. Na wewe, Rabson, ulipotaka kwenda polisi kuwashtaki wanawake waliosusa, nilikukatalia vilevile, kwa sababu mahindi ni yao na miguu ni yao, na hakuna sheria ya kumlazimisha mtu asage kwa anayemtukana. Nimefundisha historia miaka mingi, nikiwaambia watoto wa watu kwamba haki ikisimama, amani huja kukaa kando yake. Sasa nimelala nawaona ninyi wawili, kila mmoja na haki yake mkononi kama jiwe, na ninaona nilikuwa nawadanganya wale watoto.

Maana haikuishia kwenye mashine. Nilipougua, nilisubiri kusikia salamu yetu ya "kamwene" mlangoni. Walichofanya wanawake wa kikundi chetu cha kuzikana ni kurudisha masufuria yangu makubwa, yale niliyokiazimisha kikundi tangu baba yenu alipofariki. Waliyasugua yakang'aa, wakayapanga barazani, wakaondoka bila kubisha hodi. Nimeyatazama dirishani siku nzima. Hayo ni maneno, wanangu, na hayakuhitaji kipaza sauti.

Nipe maji, Prisca. Kidogo tu. Basi.

Sasa shikeni wosia wangu. Nyumba ni yenu wote wawili, na najua mtaiuza. Mashine nilifikiri kuwagawia, mmoja mota, mwingine kinu, ili mlazimike kupatana. Halafu nikajicheka. Ninyi ni watu wa kukaa kila mmoja na kipande chake, akitazama kinavyoshika kutu, na kujisifu kwa msimamo. Mashine nampa Sabina. Nilimtuma Lea wa jirani amwambie. Alijibu, "Nimesikia." Hakusema atachukua, hakusema hataki, na mimi sina umri wa kungoja neno la pili. Akiikataa, iacheni hapo ilipo. Msiiuze.

Rabson, nikikata roho, utakwenda kwa Sabina mwenyewe, kwa miguu. Utasema, "Mama amefariki." Usiongeze. Usiombe radhi usiyo nayo moyoni. Nimeishi muda mrefu na watu wa radhi za mdomoni, sitaki kuzikwa nazo. Kama bado unaamini pombe ni moto, endelea kuamini. Lakini mdomo uufunge mpaka udongo ufunike sanduku. Na wewe, Prisca, usiandike chochote kuhusu mimi. Usiweke picha yangu na mishumaa. Shika mwiko, songa ugali, na kama hakuna wa kula, songa hivyohivyo.

Akifungua mlango Sabina, wengine watafuata. Akiufunga... wasemao husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Labda. Mimi naona hata mhunzi ameshahama. Akiufunga, msipite nyumba kwa nyumba kuomba wabebaji. Tafuteni mkokoteni. Rabson atavuta, Prisca atasukuma, na njia nzima hamtazungumza. Nawajua. Nimewazaa.

Njooni karibu. Sioni vizuri. Huu ni mkono wa nani? Haya, wote wawili, mmoja huku... mmoja huku. Nilitaka kuwabariki kama baba yangu alivyonibariki, kwa mali, kwa watoto, kwa kauli yenye nguvu. Sasa nahofu. Kila ninachowaombea... naona mtakavyokitumia kupigana. Elimu, mlipigana nayo. Imani, mlipigana nayo. Hata ulimi...

Nisubirini kidogo.

Mungu asiwape ushindi. Si wewe, Rabson. Si wewe, mwanangu. Awape... awape majirani.